Wazimu na Mizimu: Ugonjwa wa Kitaru katika Mashetani
Uhakiki wa Mashetani (1971), tamthilia ya Ebrahim Hussein, aghalabu humchukulia Shetani kuwa ishara ya ukoloni. Usomaji huo una mashiko, lakini huusahau ugonjwa wa Kitaru, ambaye akili yake huvurugika baada ya mchezo wa mbuyuni. Kiswahili chenyewe huunganisha maradhi na roho: wazimu na mizimu huchangia mzizi -zimu, na mgonjwa huelezwa kuwa “amepandwa na wazimu”. Hivyo, familia ya Themi, Arusha, inayompeleka mgonjwa hospitalini kisha ikamwombea haijikanushi. Imani humpa maneno ya kuyaelezea mateso na watu wa kumkaa karibu. Haichukui nafasi ya dawa. Kwa usomaji huu, Kitaru ni ishara, na pia ni mgonjwa anayestahili kutibiwa.