7805 ndani ya boksi la plastiki: taa za LED na ruta kwenye adapta moja

Adapta moja ya volti 12 inatosha kabisa kuwasha mkanda wa taa za LED na kulisha kifaa kidogo cha volti 5. Katika kazi moja ya kabati la vioo, mkanda una mita 3 za wati 4.8 kwa mita, yaani ampia 1.2. Ruta iliyowekwa juu ya kabati huvuta ampia 0.4 kwa volti 5. Adapta ya ampia 2 ilichaguliwa vizuri, fyuzi ipo mahali pake, na kila mzigo ulipewa waya wake kuanzia kwenye soketi ya adapta. Kilichoiharibu kazi hiyo ni 7805, IC ya kushusha volti 12 kuwa 5, iliyofungiwa ndani ya boksi la plastiki bila hitisinki.

7805 hupunguza volti kwa kuzichoma. Mkondo unaotoka ni karibu uleule ulioingia, na volti 7 za ziada hazina pa kwenda isipokuwa kugeuka joto. Zikizidishwa kwa ampia 0.4 ni wati 2.8, ilhali ruta yenyewe inapata wati 2 tu. IC hiyo, yenye umbo la TO-220, isipokuwa na hitisinki hupanda takriban nyuzi 65 kwa kila wati. Hizo ni nyuzi 182, na ukiongeza 30 za chumba unafika 212. Kikomo cha kazi cha IC hiyo ni nyuzi 125. Tena hesabu hii ni ya hewa ya wazi, si ya boksi lililofungwa skrubu pande nne.

IC haifiki huko kwa sababu hujikata yenyewe karibu na nyuzi 150. Ruta huwaka dakika chache, taa zake zote huzimika kwa pamoja, IC inapoa kidogo, kisha ruta huanza upya. Mkanda wa LED, wenye waya wake wa volti 12, huendelea kung'aa kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndiyo maana lawama ilimwangukia asiyehusika: ruta ilibadilishwa, na mpya ikafanya vilevile. Boksi lilipofunguliwa, plastiki iliyogusana na mgongo wa IC ilikuwa imelegea na kugeuka rangi ya chai. Alama hiyo ilipaswa kusomwa kabla ya kununua ruta ya pili.

Kinga ya kujikata kwa joto ni urithi wa heshima. Bob Widlar aliiweka ndani ya chipu ya LM109 pale National Semiconductor, mwishoni mwa miaka ya 1960, ili ajali isiue IC. Hakuikusudia iwe swichi ya kila siku. Mafundi wa amplifaya wa zamani walilielewa hilo bila kuambiwa: transista ya 2N3055 ilifungwa kwenye aluminiamu nene mgongoni mwa kabineti, maika na mafuta meupe vikiwa katikati, na hapakuwa na fundi aliyeificha gizani. 7805 yenyewe haina kosa. Kwa kifaa cha ampia 0.05 hutoa wati 0.35 tu za joto na kudumu miaka.

Kosa baya zaidi, na halijaisha mitaani, ni kushusha volti kwa rezista. Kwa ampia 0.4 rezista ya omu 17.5 hula volti 7 kamili, na kila kitu huonekana sawa. Ruta ikitulia na kuvuta ampia 0.1, rezista hula volti 1.75 tu, na kifaa cha volti 5 kinapokea zaidi ya 10. Rezista haijui kifaa kinataka nini.

Kinachofaa hapa ni moduli ya LM2596, ambayo hukata na kuunganisha umeme kwa kasi badala ya kuuchoma. Kwa ufanisi wa asilimia 80, wati 2 za ruta huhitaji wati 2.5 kutoka kwenye adapta, na joto ni nusu wati, tena limetawanyika kwenye bodi nzima. Moduli huunganishwa kwanza na adapta peke yake. Skrubu ndogo ya shaba huzungushwa taratibu, multimita ikiwa kwenye upande wa kutoa umeme, hadi isome 5.0 au 5.1, mara nyingi huhitaji mizunguko mingi kabla namba haijaanza kusogea. Ruta huchomekwa baada ya hapo, kamwe si kabla, kwa kuwa moduli nyingi hutoka dukani zikiwa zimewekwa volti yoyote ile. Hasi ya mkanda na hasi ya moduli hukutana kwenye soketi ya adapta. Kwa mpangilio huo adapta hubeba ampia 1.4 kati ya 2, badala ya 1.6 ilizobeba na 7805.