Asuran: ukianza kuhesabu wapi?

Ndugu na dada wa ukurasa huu, leo sitaandika juu ya mbolea wala ugonjwa wa mihogo. Nataka tuongee juu ya filamu moja ya Kihindi, ya lugha ya Kitamil, ambayo ilifika hapa Nyankunde kwa flashi sawa vile filamu nyingi zinafika. Jina lake ni Asuran. Ilitoka mwaka 2019, mwongozaji ni Vetrimaaran, na mchezaji mkubwa ni Dhanush. Imetoka katika riwaya ya Poomani inayoitwa Vekkai, ya mwaka 1982. Wengi wanaipenda juu ya mapanga. Mimi naipenda juu ya shamba, na kuna kitu kimoja ndani yake ambacho nakikataa.

Kwa wale hawajaiona, hadithi ni hii. Sivasaami ni mkulima maskini wa tabaka la chini kabisa, wale ambao kule India wanaitwa Dalit. Iko na ekari 3 tu. Mimi nilisomea kilimo, kwa hiyo nilifanya hesabu palepale: hiyo ni hekta moja na kidogo. Familia nyingi za hapa kwetu ziko na kipande cha namna hiyo, mihogo upande huu, maharagi upande ule. Tajiri wa kijiji cha jirani, Narasimhan, anataka kile kipande ili ajenge kiwanda cha simenti. Sivasaami anakataa kuuza. Ugomvi unapanda. Mtoto wake mkubwa, Murugan, anakamatwa, na ili wamwachilie, baba analazimishwa kuanguka miguuni pa watu wa kijiji kile, nyumba kwa nyumba. Murugan akisikia hivyo, anampiga Narasimhan kwa kiatu. Kisha Murugan anauawa, na maiti yake inaokotwa bila kichwa. Baba ananyamaza. Mama, Pachaiyammal, anakaribia kupata wazimu kwa uchungu. Mwishoni ni mtoto mdogo, Chidambaram, wa miaka kumi na kitu, ndiye anaenda kumuua Narasimhan. Baba na mtoto wanakimbilia porini.

Filamu inaanzia pale, katika mbio za usiku. Kwa nusu nzima tunamwona Sivasaami kama mwoga. Hata mtoto wake anamdharau. Halafu filamu inarudi nyuma, na tunagundua kwamba huyu mzee mnyamavu aliwahi kuua, zamani, alipokuwa kijana. Alikuwa anapika pombe ya tajiri mwingine. Mchumba wake Mariyammal alipigwa na kuaibishwa kwa sababu tu alivaa viatu, kitu ambacho watu wa tabaka lake hawakuruhusiwa. Watu wake walikuwa wanadai ardhi ambayo serikali ya Waingereza iliwapa watu wa chini tangu mwaka 1892, na ambayo wakubwa walikuwa wameinyanganya. Jibu lilikuwa moto: nyumba zao zilichomwa pamoja na watu ndani. Kumbe ukimya wa Sivasaami haukuwa woga. Ulikuwa kumbukumbu. Anajua bei ya kisasi kwa sababu alishailipa.

Kwangu, hapo ndipo nguvu ya filamu iko. Dhanush anacheza kijana na mzee, na unaamini wote wawili. Jina lenyewe, Asuran, katika hadithi za Wahindu ni la viumbe wabaya wanaopigana na miungu, na filamu inakuuliza: hapa, nani ndiye shetani? Ule moto pia haukutoka hewani. Tarehe 25 Desemba 1968, katika kijiji cha Kilvenmani, jimbo la Tamil Nadu, Wadalit 44, wengi wao wanawake na watoto, walichomwa ndani ya nyumba kwa sababu wafanyakazi wa mashamba walidai mshahara mzuri zaidi. Mahakama ya kwanza ilimhukumu bwana shamba. Mahakama kuu ya Madras ikamwachilia. Mwaka 1980 watu wakamuua. Pale tribinali ilifunga mlango, panga likafungua. Vetrimaaran anaelewa jambo hilo vizuri sana.

Sasa nafika kwa kile ninachokikataa. Niliiangalia pamoja na vijana wa hapa, mmoja mwenye kujua Kiingereza akitutafsiria. Kila mara Sivasaami anainua silaha, watu wanapiga makelele: "Mukate! Mukate!" Filamu imetengenezwa ili tupige yale makelele: muziki unapanda, picha inaenda polepole, damu inaruka kwa uzuri. Na sisi tunashangilia bila shida kwa sababu filamu imeshatufanyia hesabu. Upande mmoja wameonewa tangu babu zao, upande mwingine ni waonevu. Kule Tamil Nadu, kati ya Dalit na bwana shamba, hesabu hiyo iko karibu na ukweli. Lakini kijana wa Ituri akiichukua filamu hii, anakaa upande gani?

Uliza kijana wa CODECO. Uliza wa Zaïre, wa FRPI, ama wa Chini ya Kilima, ambamo wengi ni vijana wetu wa Irumu hapa. Kila mmoja atakwambia yeye ni Sivasaami. Hakuna hata mmoja atakubali kwamba yeye ni Narasimhan. Na kila mmoja ataleta wafu wa kweli, wenye majina, ili kuthibitisha. Shida haiko katika uongo. Shida iko katika siku ambayo kila mtu anaanza kuhesabu.

Tuchukue kijiji chetu. Kila mtu wa Nyankunde anajua tarehe 5 Septemba 2002. Wanamgambo Wangiti pamoja na askari wa APC waliingia, wakaua watu nyumbani na hospitalini, mpaka wagonjwa ndani ya vitanda. Wengi waliokufa walikuwa Wahema na Wabira. Human Rights Watch iliandika kwamba waliokufa walipita 1,000. Ile hospitali iliyokuwa inatibu watu wa kila kabila ikabaki tupu. Ukianza kuhesabu siku ile, sisi ni Sivasaami, hakuna ubishi.

Lakini rudi nyuma siku tano tu. Tarehe 31 Agosti 2002, UPC walishambulia Songolo, karibu na hapa, na zaidi ya watu 100 walikufa, Wangiti. Wale waliochunguza vita vya Ituri waliandika kwamba kulipiza Songolo kulikuwa moja ya sababu za Nyankunde. Mtoto wa Songolo akianza kuhesabu siku ile, Sivasaami ni baba yake. Na yeye pia hasemi uongo. Mimi sisemi haya ili Nyankunde ionekane ndogo. Hakuna Songolo inayoweza kuhalalisha mgonjwa kuuawa kitandani. Nasema tu kwamba kati ya filamu mbili hizi, moja inaonyeshwa kwetu kila mwaka na nyingine hatujawahi kuiangalia. Na kule Songolo wako vilevile na yao.

Kisha kuna tribinali. Katika filamu, mwisho wa yote, Sivasaami anachukua kosa la mtoto juu yake na kwenda kujitoa kwa mahakama, ili Chidambaram aishi. Ni kitendo kizuri kuliko mapigano yote. Lakini kinaomba kitu: kwamba mahakama iko, na itasikiliza. Kwetu, La Haye ilimhukumu Germain Katanga miaka 12 mwaka 2014, kwa shambulio la Bogoro la Februari 2003. Mwaka 2017 waathirika 297 wa Bogoro wakapewa haki ya dola 250 kila mmoja, pamoja na misaada ya pamoja kama nyumba na masomo. Ni kidogo, lakini ni hukumu, na imeandikwa. Juu ya Songolo na juu ya Nyankunde, La Haye haikutoa hukumu yoyote. Wafu wa pande zote mbili wako wanangoja mlango uleule.

Sasa ushauri wa mwisho wa filamu, ule ambao watu wengi wanaupenda sana. Kabla ya kwenda, baba anamwambia mtoto asome, kwa sababu ardhi na pesa watakunyanganya, lakini masomo hapana. Sisi wa ukurasa huu tunapiga makofi, tuko na lisansi mkononi. Ngoja kidogo kwanza. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema udongo ni wa serikali. Cheti kikiandikwa na miaka miwili ikipita bila mtu kukipinga, ni vigumu sana kukiangusha. Nani alijua hiyo? Waliosoma. Mwanakijiji aliyelima kwa haki ya mababu hakujua hata kama karatasi iko. Mwaka 1999 vita vilipoanza kule Djugu, wenye makonsesio fulani walishutumiwa kwamba walitumia karatasi za uongo kupanua mipaka yao juu ya mashamba ya wanakijiji. Panga lilikuja nyuma. Kalamu ilitangulia.

Ni kweli hakuna mtu anaweza kukunyanganya masomo. Lakini masomo yanaweza kukusaidia kunyanganya mwingine. Hapo ndipo filamu inasimama mapema mno. Chidambaram atasoma, sawa. Atasoma ili afanye nini?

Jibu langu ni dogo, na ni la kazi yangu. Aliyesoma sheria amweleze mzee wa kijiji ile miaka miwili kabla haijapita, hata kama mzee huyo ni wa kabila lingine. Aliyesoma kilimo, akiitwa kuonyesha mpaka, asipime shamba kabla jirani wa upande wa pili hajafika na kusimama pale. Aliyesoma historia aandike Songolo na Nyankunde kwenye ukurasa mmoja, tarehe kwa tarehe. Kazi hizi hazina muziki na hakuna mtu atapiga makelele. Lakini yule atakayezifanya atakuwa amesoma kweli.

Iangalieni Asuran, wapendwa, ni filamu kubwa. Mkimaliza, muulize rafiki wa kabila lingine, kwa upole: kwenu, mnaanza kuhesabu siku gani? Kisha mumwache aongee mpaka amalize.