Mgongo Ubebe Nini? Begi la Mpanda Baiskeli Ufukweni mwa Mweru

Asubuhi moja simama dakika kumi sokoni Kashikishi, jirani na mji wa Nchelenge, Zambia, uangalie mizigo inavyofungwa kwenye baiskeli. Gunia la chisense, wale dagaa wadogo wa Ziwa Mweru wanaokaushwa mchangani, linalazwa juu ya keria, na la pili linapandishwa juu yake. Mwenye baiskeli anatoa utepe mrefu uliokatwa kwenye tyubu chakavu. Anauvuta mpaka unakaribia kukatika, anaupitisha chini ya keria, juu ya magunia, chini tena, kisha ncha anaichomeka chini ya mzunguko wa mwisho, bila fundo. Njiani magunia yatashuka na kujipanga upya. Kamba ya katani ingelegea. Mpira unajivuta na kuufuata mzigo. Anapanda, anaondoka, na mgongoni hana kitu.

Nimeanza na magunia hayo kwa sababu somo zima la begi la mpanda baiskeli limo humo, nami nilichelewa kulisoma. Nilifika Nchelenge na begi la dukani, jeusi, lenye zipu nne na mifuko kumi na kitu. Nililibeba kila siku kati ya nyumba niliyopanga na kazini. Msimu wa mvua ulipoanza Novemba, ndani ya wiki chache zipu mbili zilikuwa zimekwama kwa mchanga laini wa ufukweni, daftari langu limelowa, na shati limeoza mgongoni kwa jasho. Jirani yangu, mama anayejitolea kama mhudumu wa afya wa jamii, alikuwa na shida hiyo hiyo, ila ya kwake ilikuwa nzito zaidi: ndani ya begi lake mlikuwa na vipimo vya malaria na dawa mseto. Tukakubaliana kushonesha letu. Uchambuzi huu ni wa jinsi lilivyopatikana.

Mzigo mahali pake

Njia hizi zinajua mizigo. Mmisionari David Livingstone alipofika kwa mtawala Mwata Kazembe, kusini mwa hapa, mwaka 1867, alimkuta mfanyabiashara Mohamed bin Saleh akiishi huko. Misafara ya Waswahili na Waarabu ilikuwa imeshafika, na kila bidhaa iliyopita ilipita juu ya mtu. Mpagazi alibeba takriban frasila mbili, yaani karibu kilo 32, kichwani au begani.

Mahali unapokaa mzigo ni jambo la kisayansi. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioongozwa na Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi juu ya wanawake wa Kiluo wanaobeba mizigo kichwani na wa Kikuyu wanaoibeba kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya mtu anayetembea mikono mitupu. Wanajeshi wenye mizigo mgongoni hawakuwa na nafuu hiyo. Kilo ni zile zile. Mwili ulizilipia bei tofauti kwa kutegemea zilivyobebwa.

Kwenye baiskeli bei hiyo inabadilika tena, na waliolifanyia kazi hilo kwa makini wako hapa hapa Zambia. World Bicycle Relief, shirika lililoanzishwa mwaka 2005 na F.K. Day na Leah Missbach Day baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi, liliingia Zambia mwaka uliofuata. Kupitia mpango wa RAPIDS, lilitoa baiskeli zaidi ya 23,000 kwa watu waliojitolea kuhudumia wagonjwa wa UKIMWI na watoto yatima majumbani. Baiskeli za kawaida za madukani hazikuhimili kazi hiyo. Ndipo ikatengenezwa Buffalo: chuma kizito, breki ya kurudisha pedali nyuma, na keria inayobeba kilo 100. Hizo ni zaidi ya frasila sita, mizigo ya wapagazi watatu.

Buffalo yenyewe ina karibu kilo 23, uzito ambao mpenda mashindano angeukimbia. Lakini tazama chuma kilivyogawanywa: kimeongezwa pale panapovunjika, kwenye keria, spoku, uma na fremu. Waliosanifu walianza kwa kuuliza kifaa kitabeba nini, nani atakitengeneza kikiharibika, na kwa spea zipi. Nami nikaona begi linafaa lianze na maswali hayo hayo.

Kupunguza kabla ya kushona

Kabla ya kwenda kwa fundi, mama jirani alimwaga mkoba wake mkekani, tukagawa vitu mafungu mawili. Fungu la kwanza ni vizito visivyoumia: chupa ya maji, koti la mvua, unga anaonunua akirudi. Hivyo ni vya keria. Fungu la pili ni vyepesi vinavyoumia: vipimo, dawa, daftari la wagonjwa, simu, miwani. Hivyo vinastahili mgongo, na sababu ni mtikisiko. Keria imeunganishwa na gurudumu kwa chuma kitupu. Kila shimo la barabara linaifikia likiwa zima. Mwili una springi zake: magoti, viwiko, uti wa mgongo. Ukikaribia shimo unanyanyuka kidogo juu ya kiti, na pigo linaishia miguuni.

Fungu la mgongoni lilipopimwa lilikuwa kilo 3.2. Tukaweka mpaka: begi lisizidi kilo 4 likiwa limejaa. Mpaka huo ndio ulioamua ukubwa. Sentimita 38 kwenda juu, 28 upana, 14 kina. Hiyo ni karibu lita 15. Begi kubwa hujazwa tu, hata na mtu mwenye nidhamu.

Ufupi wake una sababu nyingine, ambayo begi la dukani haliwezi kuijua. Mpanda baiskeli wa Kashikishi ana magunia nyuma yake, yamepanda juu ya usawa wa kiti. Begi refu linagota kwenye magunia kila anapokanyaga pedali, nayo magunia yanalisukuma juu mpaka shingoni. Kwa juu napo lazima liishie chini ya kisogo, ili mtu aweze kugeuza kichwa na kuona lori linalokuja. Jaribio letu la kwanza lilikuwa hilo: kaa kwenye baiskeli yenye mzigo, geuza kichwa kulia na kushoto. Begi likigusa kofia, punguza.

Kwa fundi

Fundi cherehani wetu ni mzaliwa wa ng'ambo, Pweto, upande wa Kongo, na Kiswahili chake ni kile cha Katanga. Aliligeuza begi langu jeusi mara mbili mezani, akauliza: “Ndugu, hii begi ni ya mugongo ao ni ya kinga?” Kinga ndiyo baiskeli kwake, Wabemba huiita incinga. Nilimjibu, “Mzee, ya vyote viwili.” Akatikisa kichwa. “Basi itakuwa na sura mbili.” Jibu hilo lilitatua jambo lililonisumbua siku nyingi.

Begi lenye mikanda ya mabegani likitundikwa ubavuni mwa keria, mikanda huning'inia na inaweza kunaswa na spoku. Mabegi mengi ya aina hiyo hutatua kwa kuongeza mfuko wa kufichia mikanda, maana yake zipu nyingine. Mzee alifanya rahisi: ndoano mbili za kutundikia alizishona kwenye uso wa nje, ule usiogusa mgongo. Begi likitundikwa, uso wa mgongoni unatazama nje, na mikanda inakaa mbali na gurudumu. Matope yanarukia upande wa turubai tupu unaofutika kwa kitambaa. Kona ya chini ya mbele aliikata mshazari, sentimita nane, ili kisigino kisiligonge mtu anapokanyaga.

Uso wa mgongoni ulitugharimu majaribio matatu. Hesabu yake ni hii: misuli ya mpanda baiskeli hugeuza kati ya moja ya tano na robo tu ya nishati kuwa mwendo, iliyobaki ni joto. Anayesukuma pedali kwa wati 75, mwendo wa taratibu wa kwenda kazini, anazalisha joto la kati ya wati 225 na 300. Kama lote lingetolewa kwa jasho peke yake, zingehitajika karibu lita 0.4 kwa saa. Begi letu linafunika takriban asilimia 6 tu ya ngozi, lakini mgongo ni miongoni mwa sehemu zinazotoka jasho jingi zaidi, na jasho lisilopata upepo halipozi.

Mara ya kwanza tulitumia kipande cha godoro. Kikanywa jasho na kunuka. Mara ya pili vipande viwili vya tyubu vilivyojazwa upepo. Mpira ukagandamana na shati. Mara ya tatu tulikumbuka kilichofanywa na Deuter wa Ujerumani, kampuni iliyoanzishwa Augsburg mwaka 1898 ikishona mifuko ya posta. Mwaka 1984 ilitoa begi lenye wavu uliotandazwa mgongoni, ili begi lisiguse mwili. Mji wa wavuvi unakosaje wavu? Tulichukua ufito wa mwanzi, tukaupinda kama upinde na kuuingiza kwenye mikunjo ya turubai, kisha tukatandaza kipande cha wavu chakavu wa nailoni, wenye nyuzi nene, mpaka ukakaza kama ngoma. Pakabaki nafasi ya vidole viwili kati ya begi na mgongo, na upepo wa ziwani unapita humo. Nasema wavu wa samaki. Chandarua hapana: kazi yake iko kitandani, na wilaya hii ni kati ya zile zenye malaria nyingi kabisa Zambia, mwaka mzima.

Maji, jua na mchanga

Zipu tuliziondoa zote. Mdomo wa begi unakunjwa mara tatu na kufungwa kwa utepe wa tyubu, ule ule wa sokoni. Mchanga hauna meno ya kuharibu.

Turubai halipitishi maji, ila kila tundu la sindano linapitisha. Badala ya kupigana na matundu mamia, tuligawa kazi. Begi la nje linabeba mikwaruzo na uzito, na uzi wake ulipakwa nta ya nyuki. Ndani unakaa mfuko wa plastiki mzito usioshonwa popote, nao ndio unaozuia maji. Ukitoboka unabadilishwa bila kugusa begi. Tulimwaga ndoo nzima juu yake uani, na daftari likatoka kavu.

Rangi tuliyochagua ni nyeupe. Dawa mseto hutakiwa isihifadhiwe kwenye joto linalozidi nyuzi 30, na begi jeusi juani linapita hapo upesi. Weupe unasaidia pia jioni, pamoja na utepe wa kuakisi mwanga, ule wa malori, tulioubandika ubavuni pande zote mbili, mahali unapoonekana begi likiwa mgongoni na likiwa kwenye keria.

Mikanda ya mabegani ilitoka kwenye gari bovu: mikanda ya usalama, upana wa karibu sentimita tano, iliyofumwa kumzuia mtu mzima kwenye ajali. Kilo 4 haiziwazi. Panapokatika ni kwenye mshono, kwa hiyo mzee alishona kila mwisho kwa umbo la mraba lenye msalaba ndani, akarudia mara mbili. Ukifumuka, fundi viatu yeyote kando ya barabara ataurudishia kwa sindano yake.

Kilichobaki

Begi letu lina udhaifu. Mfuko wa ndani unafanya kutafuta kitu kuwe kwa polepole; mama jirani amehamishia simu kwenye kifuko kidogo kwenye mkanda wa bega. Upinde wa mwanzi nao unaongeza unene, na mlangoni mtu lazima akumbuke.

Lakini jambo moja nalisema kwa uhakika. Miradi inayogawa baiskeli kwa wahudumu wa afya imefanya kazi kubwa, nami naiheshimu. Iongeze hatua moja: atakayepewa baiskeli ya kubeba kilo 100 apewe na begi la kubeba kilo 4, kwa sababu ndani ya hizo 4 ndimo zilimo dawa zilizofanya atumwe. Na lisiagizwe kutoka mbali. Turubai, wavu, tyubu, nta na mwanzi vyote tulivipata bila kutoka wilayani.

Kiolezo tulikikata kwenye katoni, mzee akakitundika kwenye msumari juu ya cherehani yake. Nilipopita wiki iliyofuata kilikuwa mezani. Alikuwa akikipunguza sentimita tatu kwa juu, kwa mhudumu mwingine, mfupi kuliko mama jirani, ili naye aweze kugeuza kichwa.