"Mtoaji" ni Nani? Lugha ya Mikataba ya Sampuli Katika Nchi ya Meru

Maji yashukayo Mlima Meru hubeba floraidi itokayo katika mawe na majivu ya volkano. Pande za Ngarenanyuki kiasi chake huweza kupita mno miligramu 1.5 kwa lita, mpaka uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya wengi waliokulia huko yamekuwa ya kahawia. Kwa hiyo watafiti hawaachi kufika, wa vyuo vya nchini na wa ng'ambo, wakichukua maji, pengine mkojo, na habari za kila kaya. Vitu hivyo vitolewapo chuoni kupelekwa kwa watu wa nje, hutanguliwa na mkataba. Na humo ndimo lugha inamopotea njia.

Kielelezo kifuatwacho mahali pengi, kilichotungwa kwa ajili ya vitu vya kibiolojia, ni kile cha Marekani cha mwaka 1995. Humo mtoaji ni taasisi inayopeleka, na mpokeaji ni taasisi inayopelekewa. Kwa Kiingereza jambo hilo halimgutushi msomaji. Kwa Kiswahili mtoaji wa damu ni yule aliyenyosha mkono wake, wala si hospitali. Mama wa Ngarenanyuki akisomewa hati yenye neno hilo atadhani ametajwa yeye, kumbe chuo kimekaa mahali pake.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Kutoa ni kuachia. Lakini kielelezo hicho chasema kitu chabaki mali ya mtoaji, pamoja na vizazi vyake, wala mpokeaji hana ruhusa ya kumpa mwingine bila idhini. Huko siko kutoa, ni kuweka amana. Neno hili si la pwani peke yake: kila mwenye akiba benki mjini Arusha analijua. Nalo likikubaliwa, cheo cha chuo chabadilika mara moja. Chuo chawa mshika amana wa kwanza, na mshika amana hapitishi kitu kwa mwingine kabla ya kumrudia mwenyewe.

Walakini amana hurudishwa, na maji yaliyokwisha pimwa hayarudi. Habari nazo hurudishwa huku nakala ikibaki. Hapo neno lachechemea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imesema "mkusanyaji" na "mchakataji", maneno yatajayo kazi bila kudokeza umiliki. Ni uchaguzi mwema, ingawa sikio lililozoea kuchakata mkonge litasita kidogo.

Wameru si wageni wa hati. Mwaka 1951 waliondolewa Ngarenanyuki kwa nguvu ili nchi yao wapewe walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alipeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa, na kitabu juu ya shauri hilo, alichokiandika pamoja na Earle Seaton, kilitoka mwaka 1967. Kwa Kiingereza.

Katika hati ya Kiswahili, basi, chuo kiitwe mpelekaji, na "mtoaji" abaki yule aliyechota maji, atajwe kwa kijiji chake. Kifungu cha marejesho nacho kiseme ni nani atakayekisomea kijiji kipimo cha maji yao, kwa lugha gani, na kama ni kabla ya makala kupigwa chapa au baada yake.