Mgongo Ukitazama Lango

Washambuliaji wengi tunawasifu kwa mbio. Kenny Dalglish hakuwa na mbio za kutisha, wala hakuwa na urefu wa kuwasumbua mabeki kwa mipira ya juu. Alichokuwa nacho ni ustadi wa kupokea mpira mgongo ukitazama lango, na katika hilo sijaona aliyemzidi.

Tazama mkanda wowote wa Liverpool ya miaka ya 1980. Pasi inakuja, beki anamvamia kwa nyuma. Dalglish ameshakunja magoti, ameshusha makalio, ametanua mikono kidogo. Kiwiliwili chake ndicho ukuta kati ya beki na mpira. Beki akisukuma, anamsaidia tu kugeuka. Asiposukuma, Dalglish naye anatulia, macho pembeni, hadi Ian Rush aanze kuchomoka nyuma ya ngome. Hapo pasi inatoka, imepimwa hivi kwamba Rush hana haja ya kupunguza mwendo. Mabao 346 ya Rush ni rekodi ya klabu hiyo mpaka leo, na kwangu mimi sehemu ya sifa zake ni ya Dalglish.

Alikulia Glasgow, akapikwa Celtic chini ya Jock Stein. Agosti 1977 Liverpool ikatoa pauni 440,000 ili azibe pengo la Kevin Keegan, aliyekuwa amekwenda Hamburg. Lilikuwa pengo la kumtia mtu kiwewe. Lakini Mei 1978, kwenye fainali ya Kombe la Ulaya pale Wembley dhidi ya Club Brugge, Graeme Souness alimpenyezea mpira upande wa kulia wa boksi, na kipa Birger Jensen akatoka kumziba. Mwingine angepiga papo hapo. Dalglish alisubiri. Kipa alipokwenda chini, akaudokoa mpira juu yake, ukatua wavuni. Bao pekee la mchezo, na kombe likaenda Anfield.

Scotland aliichezea mechi 102, rekodi ya nchi yake, akafunga mabao 30 sawa na Denis Law.

Lakini bao ninalolipenda zaidi ni la Mei 1986 uwanjani Stamford Bridge. Alikuwa na miaka 35, kocha na mchezaji kwa pamoja. Jim Beglin akamwinulia mpira ndani ya boksi la Chelsea. Akautuliza kwa kifua, akauacha ushuke, akaupiga kabla haujagusa nyasi. Liverpool wakawa mabingwa siku hiyo, na wiki moja baadaye wakabeba na Kombe la FA.