Sauti na Neno katika Kazi ya Cocteau Twins

Wengi walioandika juu ya bendi ya Cocteau Twins wametumia wino mwingi kueleza kwamba maneno ya nyimbo zake hayasikiki, kisha wakaishia hapo. Baadhi yao humlaumu mwimbaji kwa kutotamka. Wengine humwita malaika. Makundi yote mawili yamekwepa kazi ya mhakiki, ambayo ni kuuliza: mwimbaji asiyetoa neno la kufahamika amesema nini, na amelisema kwa njia gani?

Bendi hii ilizaliwa mwaka 1979 katika Grangemouth, mji wa Uskoti uliopo kando ya maji ya Forth, wenye bandari na kiwanda kikubwa cha kusafishia mafuta, ambacho kiliacha kazi hiyo mwaka 2025. Robin Guthrie alipiga gitaa na Will Heggie gitaa la besi. Baadaye wakamchukua Elizabeth Fraser, msichana wa mji huohuo, awe mwimbaji wao. Mpiga ngoma hawakuwa naye, na kazi yake ilifanywa na mashine. Santuri yao ya kwanza, Garlands, ilitolewa mwaka 1982 na 4AD, kampuni ya London. Ni kazi ya giza, ambayo usukani wake umeshikwa na besi ya Heggie, ilhali sauti ya Fraser bado yatafuta njia. Waliosema kwamba ilinuka mno uigaji wa Siouxsie and the Banshees hawakuwaonea.

Heggie alitoka mwaka 1983, na wawili waliobaki wakatengeneza Head over Heels. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Guthrie hakuwa mtu wa mbio za vidole. Alipitisha gitaa lake katika vyombo vya mwangwi, akarekodi tabaka juu ya tabaka, hata ikawa vigumu kujua uzi gani umepigwa. Gitaa likawa ukungu, na katika ukungu huo Fraser alipata ujasiri ambao mahali peupe hakuwa nao.

Mwaka uleule Simon Raymonde aliingia badala ya Heggie, na mwaka 1984 ikatoka Treasure, ambayo kila wimbo wake una jina la mtu: Ivo, Lorelei, Persephone na wenzao. Guthrie ameibeza hadharani tangu hapo. Walakini ndiyo inayofaa zaidi kupimia swali letu. Fraser alikuwa akiokota maneno katika vitabu na kamusi za lugha asizozijua, akayachagua kwa ladha yake ulimini. Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili, aliyezoea kuona vina na mizani vikiitumikia maana, atashtuka kidogo hapa: mtumishi amekalia kiti cha bwana. Lakini asikilize tena Lorelei. Sauti ya chini yaanza, ya juu yaijia na kuikata, kisha zote mbili zakwenda pamoja bila kungojana, na zote ni za mtu mmoja aliyejirekodi mara kadhaa. Fraser hujiuliza na kujijibu. Maana imo katika ule mpando na ule mkato, na kamusi haina msaada hapo. Kuuita huo upuuzi ni kusahau kwamba kilio nacho hakina sarufi.

Victorialand ya mwaka 1986, iliyopewa jina la nchi ya barafu ya Antaktika, ilifanywa bila Raymonde na karibu bila mapigo yoyote. Ni santuri ndogo na safi. Blue Bell Knoll ya 1988 ni nzuri, lakini haiongezi jambo.

Kilele ni Heaven or Las Vegas, ya mwaka 1990, iliyofika nafasi ya 7 katika orodha ya mauzo ya Uingereza. Fraser na Guthrie, waliokuwa wakiishi pamoja, walikuwa wamepata binti mwaka 1989. Raymonde alifiwa na baba yake mwaka huo wa 1990. Na Guthrie alikuwa amezama katika kokeini. Kuzaliwa, kifo na uraibu vilikutana katika chumba kimoja cha kurekodia. Katika nyimbo hizi neno lachomoza, lasikika nusu, lazama tena. Msikilizaji hushika kipande na kulazimika kukitunza mpaka kipande kingine kije. Nusu hiyo ndiyo ufundi wenyewe: maneno yangesikika yote, mambo hayo yangekuwa habari za nyumba ya watu, yasingesikika kabisa, yangekuwa mapambo.

Baada ya hapo bendi iliachana na 4AD. Four-Calendar Café, ya mwaka 1993, iliimbwa kwa matamshi ya wazi kuliko zote zilizotangulia, na uhusiano wa Fraser na Guthrie ulikuwa umevunjika. Wengi wameihukumu kuwa dhaifu, na lawama wakampa Fraser, kwamba alipoonyesha maneno yake uchawi ukatoweka. Hukumu hiyo si ya haki. Fraser alikuwa na mambo mazito ya kusema, akayasema. Kasoro imo katika muziki: Guthrie aliendelea kufuma pazia kwa ajili ya mtu ambaye hakutaka tena kujificha. Neno ladai nafasi na ukimya, gitaa lajaza kila pembe. Milk & Kisses ya mwaka 1996 yarudia kosa hilohilo kwa sauti kubwa zaidi, ijapokuwa ina nyimbo mbili tatu za kupendeza. Bendi ilivunjika mwaka 1997, santuri nyingine ikiwa mikononi haijakamilika.

Mwaka 1998 Fraser aliimba Teardrop pamoja na Massive Attack, kundi la Bristol. Chini ya sauti yake mna mapigo machache, kinanda kidogo, na nafasi tupu pande zote. Maneno yasikika, na sauti haikupungua nguvu hata chembe. Mwaka 2005 ilitangazwa kwamba Cocteau Twins wangepanda tena jukwaani pamoja, katika tamasha la Coachella huko Marekani. Fraser alijitoa, na maonyesho hayo hayakufanyika.