Jina Lilibaki, Kazi Ikahama

Kurasa hizi nimezichapa kwa LibreOffice, na kwa muda mrefu sikujua kuwa ni kazi ya watu waliohama. Awali iliitwa OpenOffice.org, programu huria chini ya kampuni ya Sun. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliivika Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010, wajitoleaji wengi walijitenga, wakaunda wakfu wao, The Document Foundation. Waliomba jina, hawakupewa. Kazi ilikuwa ya wote. Jina lilikuwa la kampuni.

Mwaka 2011 Oracle iliukabidhi mradi wa zamani kwa wakfu wa Apache. Mgala muue na haki yake mpe: OpenOffice bado inafungua nyaraka zangu za zamani. Lakini tangu toleo la 4.1 la mwaka 2014 imepata marekebisho madogo tu, ilhali waliohama wanaendelea kujenga.

Nimeongoza chuo cha ualimu. Najua chuo ni walimu, si kibao cha langoni. Hata hivyo mgeni hufuata kibao. Basi wanaoanza kazi ya pamoja waandikiane mapema: siku ya kuhama, jina ni la nani?